Nililala Chini Columbus, Nikasimama Buffalo

Nianze na sababu ya kuondoka, maana wanaonifahamu hawataamini kwamba niliondoka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu tuhamie hapa Shively, upande wa kusini-magharibi wa Louisville, njia ninazozijua ni ya kwenda ghalani ninakofunga mizigo, ya kwenda kanisani, na ya kurudi. Wenzangu wa shifti wamekwisha kwenda Florida kuona bahari. Mimi naiona kwenye simu na inanitosha, tena hainilowanishi. Mke wangu, Mama Kevin, husema kwamba siku malaika watakapokuja kunichukua, watanikuta nimeng'ang'ania mguu wa kochi.

Aliyenitoa ni shemeji yangu Aline, mdogo wake Mama Kevin. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu. Siku za kazi huogesha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee, na siku za mapumziko hupaa. Nasema hupaa kwa sababu sina neno jingine. Ana kibaiskeli kifupi, kile wanachokiita BMX, kisicho na kengele, kisicho na keria ya mizigo, na kiti chake ni cha heshima tu kwa sababu hakikaliwi. Anapanda nacho mteremko wa mbao, anakwenda hewani, anazunguka, halafu anarudi chini kama mtu aliyetoka dukani. Baba mkwe, ambaye Burundi alibeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli na baadaye akabeba mkaa kambini kule Kigoma, alipokiona mara ya kwanza aliuliza, "Sasa hiki kinabeba nini?"

"Kinanibeba mimi, baba."

"Kwenda wapi?"

"Juu."

Mzee akaomba maji ya kunywa.

Sasa kuna kikundi cha waendesha baiskeli za aina hiyo ambacho husafiri ng'ambo kuwaburudisha wanajeshi wa Marekani walio mbali na kwao. Mwaka huu kilikuwa kinakwenda Ujerumani, na kisha kwenye kambi moja ya jangwani ambayo hata kiongozi wao, Bwana Travis, hakuruhusiwa kuitaja. Mwenzao mmoja aliteguka bega, nafasi ikabaki wazi. Travis akaona video ya Aline, akampigia simu: njoo, tuna maonyesho mawili njiani, Columbus na Buffalo, mbele ya askari na familia zao. Baada ya Buffalo nitasema kama nakuchukua au la. Wanaochukuliwa watapandia ndege huko huko.

Aline alilia kwa furaha jikoni hadi wali ukaungua. Miaka yote ile ya kuanguka kwenye saruji, na sasa mtu alikuwa amemwona.

Kilichomvutia Travis katika ile video ni mimi. Msicheke. Miaka miwili iliyopita Aline alitaka kujifunza kuruka juu ya mtu aliyelala chini, akawachukua vijana wa kwaya. Kijana mmoja, gurudumu lilipokaribia, akainua kichwa kuangalia. Aline akamkwepa, akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Tangu hapo akawa hamruki mtu. Kisha Jumamosi moja akanikuta nimelala kwenye nyasi kando ya paking ya jengo letu, nimejitandaza, sitikisiki. Alinitazama muda mrefu. "Shemeji," akasema, "wewe ndiye mtu pekee katika mji huu anayejua kutulia." Nikadhani ananisifu. Mama Kevin akatoa ruhusa kutoka dirishani: "Mruke tu, ila ukimvunja utamlisha wewe."

Kwa hiyo nikawa ninarukwa, na video ikapigwa.

Lakini hilo siyo lililonipeleka safarini. Kwetu msichana hatumwi kwa watu wasiomjua kama kifurushi. Mwanamume wa nyumbani humpeleka, husimama, husema maneno, hukabidhi, na mkononi huwa na vinywaji. Baba mkwe ana miguu mibovu, kaka zake Aline walikuwa na shifti, na macho ya ukoo wote yakanigeukia mimi pale nilipojificha nyuma ya sahani ya maharage.

Ijumaa asubuhi, Shively. Nilivaa suti yangu ya harusi, ambayo bado inanitosha nikivuta pumzi ndani na kuiacha huko. Nilikuwa nimehangaika siku nzima kutafuta soda za chupa, maana huwezi kumkabidhi mtoto wa watu kwa soda za makopo. Nikazipata kwenye duka la Wameksiko, kreti zima. Aline akafungua gurudumu la mbele la baiskeli yake, akailaza kiti cha nyuma pamoja na kreti, akashika usukani.

"Shemeji, mbona umevaa suti tangu hapa? Tunakwenda kwa saa kadhaa."

"Nataka nifike nimeizoea."

"Au inakuogopesha ukiivua haitarudi?"

Kwetu shemeji kwa shemeji ni utani mtupu, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo nilimwambia aangalie barabara, kwamba huku chini magari hayarukwi.

Kufika Cincinnati, darajani. Mto Ohio ulikuwa wa kahawia na mpana, na mimi niliushika mlango kwa mikono miwili. Tulipokwisha vuka ndipo Aline alipoona wakati umefika wa kuniambia kwamba Travis anautaka ule mchezo wa kuniruka, na kwamba amemwahidi anakuja na mtu wake mwenyewe wa kulala chini.

"Mtu gani?"

"Wewe."

"Mbele za watu?"

"Shemeji, ni kulala. Si unalala kila siku bure?"

Nikatazama nyuma. Daraja lilikuwa mbali. Nikaelewa kwa nini alisubiri.

Columbus, jioni. Tulifikia kwa Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, rafiki wa mchungaji wetu. Hatukuwa tumewahi kuonana, lakini alitufungulia mlango kama watu waliochelewa kurudi kutoka sokoni.

"Bon, muingie, baridi iko inje! Donc, weye njo mwenye kuruka na velo, na baiskeli? Kadogo hivi? Na weye, Papa, suti ya nini? Kuko harusi?"

"Nimekuja kumkabidhi, mama. Anakwenda ng'ambo kuwachezea wanajeshi."

Mama Neema akasimama na mwiko mkononi. Fufu, ugali wa kwao, ilikuwa inachemka.

"Baaskari?"

"Ndiyo, mama," akasema Aline.

"Siye tulikimbia baaskari, tukaacha na sufuria kwenye moto. Sasa weye unawafuata kule kwabo?"

"Hawa hawanifukuzi, mama. Wamekaa mbali na kwao tu."

"Nani alikwambia hawafukuzake?" Kisha akageukia sufuria, akaisonga fufu kwa nguvu kuliko ilivyostahili. "Bon. Mukule kwanza. Mutu hakatazwe safari na tumbo tupu."

Tulikula sombe, yaani kisamvu, na samaki wadogo wakavu mpaka vifungo vya suti vikalalamika. Alinitandikia chumba cha binti zake, wao wakalala sebuleni bila kunung'unika. Asubuhi nilikuta viatu vyangu vimepigwa rangi. Sijui ni nani aliyeamka mapema hivyo. Nilipouliza, nyumba nzima ilijifanya haielewi Kiswahili changu cha Kigoma.

Jumamosi, ukumbi wa michezo, Columbus. Familia za askari zilikuwa zimekaa na watoto wao na bisi zao. Katikati kulikuwa na miteremko ya mbao, na vijana wawili wa kikundi walikuwa wakipasha misuli moto. Travis ni mwanamume mrefu mwenye mikono iliyochorwa hadi vidoleni, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa askari. Nikamwendea na kreti langu, nikaliweka miguuni pake, nikavuta koti, nikaanza.

Kiingereza changu ni cha ghalani: najua kusema inua, shusha na angalia vidole. Kwa hiyo nilisema kwa Kiswahili, Aline atafsiri. Nikasema: Bwana Travis, sisi ukoo wa mzee Ntahomvukiye, baba wa binti huyu, tuliotoka Ruyigi kule Burundi tukapita Kigoma tukafika Kentucky, hatukuja mikono mitupu. Mtoto huyu hakuokotwa. Ana baba, ana mama, ana kaka wanne wenye hasira. Tunamtia mikononi mwako akiwa na mifupa yote, na tutaihesabu atakaporudi.

Nilisema kwa kirefu, kwa mikono na kwa vituo. Nilipomaliza nikamtazama Aline.

"Amesema hujambo," Aline akamwambia Travis kwa Kiingereza.

Hata hivyo Travis alikuwa anang'aa. Alinizunguka, akagusa koti langu, akatazama kreti la soda, akapiga makofi. Nikaona moyoni kwamba huyu ni mtu anayejua adabu. Kumbe alidhani suti, soda na hotuba ni sehemu ya mchezo. Aline alimwahidi mtu wa kulala chini, na kwake yeye hakuna mtu mzima anayekuja kwenye baiskeli na tai bila kutaka kuchekesha. Akanipa kipaza sauti. Akaniambia niseme tena vile vile, na suti nisiivue.

Mimi nilielewa kwamba anataka mashahidi wasikie. Hilo ni jambo la kawaida kwetu. Kwa hiyo nilisimama katikati ya ukumbi nikawatangazia watu wa Columbus ukoo wa mzee Ntahomvukiye tangu babu yake. Wale vijana wawili wakaanza kunizunguka kwa baiskeli, wa pili akiendesha kwa gurudumu moja. Niliwasubiri wapite, hawakupita. Watu wakaanza kucheka. Nikapaza sauti ili wasikie sehemu ya kaka wanne. Wakacheka zaidi. Kutoka juu nikasikia sauti ya mtu mmoja ikizidi zote, nikatazama: Mama Neema, aliyeapa asubuhi ile kwamba hatakanyaga penye askari, amesimama anajifuta macho kwa kitenge.

Kisha Aline akaja kando yangu. "Shemeji, lala."

Nikalala na suti ya harusi. Sakafu ilikuwa baridi.

"Shika tai isipeperuke. Shemeji, upo?"

"Nipo."

Nilisikia tairi likija, zile mbao zikapiga mlio, kisha pasisikike kitu. Upepo mdogo ukapita juu ya pua yangu, wenye harufu ya mpira. Nikasikia tairi likitua upande wa pili, na watu wakainuka wote. Ninyi mnaonijua mnajua kwamba sijawahi kupigiwa makofi, hata siku ya harusi yangu walimpigia bibi harusi. Nilibaki chini nikiyasikiliza. Aline ilibidi aje kuniinua.

Baada ya onyesho Travis alifungua soda kwa meno, akatuita pembeni. "Ninyi wawili," akasema. "Wewe na bwana wa suti. Mnakuja wote Ujerumani na jangwani. Askari watakufa kwa kucheka."

"Mimi ni wa kukabidhi tu," nikasema.

Aline akatafsiri. Travis akawa mpole lakini hakuficha. Alisema ana wasichana na vijana wengine wanaoruka juu kuliko Aline. Mchezo wa bwana wa suti ndio hana. Bila huo, itabidi afikirie tena. Tutazungumza Buffalo.

Jumapili baada ya ibada, barabarani kuelekea kaskazini. Mama Neema alitufungia mihogo na karanga, akamshika Aline kichwa akamwombea papo hapo kwenye paking, kwa sauti iliyofanya majirani wachungulie. Halafu tukaondoka, na Aline hakusema neno.

Nataka mwelewe uzito wa jambo hilo. Shemeji yangu hajawahi kupita nami dakika kumi bila kunidhihaki. Nilijaribu. Nikasema baiskeli yake inakoroma huko nyuma. Kimya. Nikasema nadhani nimenenepa, labda aanze kuchukua mbio mapema. Kimya. Tulipita Cleveland, ziwa likatokea upande wa kushoto, la kijivu, lisilo na mwisho, na mimi badala ya kuliogopa niliogopa kile kimya.

Mwishowe nikasema, "Aline, mimi nina watoto. Nina kazi. Nikikaa jangwani miezi miwili, supavaiza ataajiri mashine."

"Sijakuomba, shemeji."

"Nimeshapanda ndege mara moja, ya kuja huku. Ile moja inanitosha."

"Sijakuomba. Ila mtu nisiyemjua siwezi kumruka. Nilijaribu, unajua nilivyovunjika. Wewe nakujua. Najua hata tumbo lako linavyopumua." Akapangusa kioo kwa kiganja, ingawa kioo kilikuwa kikavu. "Basi. Nitarudi kuogesha wazee. Siyo kazi mbaya."

Theluji ikaanza kabla hatujafika.

Buffalo, kaskazini ya mji. Tulifikia kwa Elia, ambaye tuliketi naye dawati moja sekondari ya kambini, na mkewe Spes. Elia sasa huendesha basi la shule. Alitoka na koleo la theluji, akatuchimbia nafasi ya kuegesha gari kwa mikono yake, na alikataa nimsaidie kwa sababu, alisema, angependa imalizike leo.

Mezani alimweleza Aline mambo yangu yote. "Huyu shemeji yako, kambini tukitumwa maji, alikuwa anasema foleni iko mbali. Foleni ilikuwa mlangoni kwao! Nilipoambiwa yuko njiani kuja Buffalo nilidhani amefariki, wanamleta."

Spes alicheka, Aline hakucheka. Spes, ambaye kazi yake ni kuhudumia wagonjwa majumbani na hapitwi na uso wa mtu, akauliza kuna nini. Nikaeleza. Nilieleza kwa kujitetea, nadhani hata ugali ulinionea aibu.

Na hapo, katikati ya kujitetea, likanitoka wazo. Nawaambieni ukweli: halikutokana na akili, lilitokana na kutafuta njia ya kurudi nyumbani. Nikasema, "Kwani huko aendako si kumejaa askari? Hakuna askari asiyejua kulala chini. Wamefundishwa. Achukue mmoja wao."

"Askari?" Aline akasema. Ndilo neno la kwanza alilosema kwa sauti yake ya kawaida.

"Wanajua kutulia kuliko mimi."

"Wewe ulijifunzia wapi, shemeji?"

Sikuwa nimewahi kumwambia. Yeye alizaliwa kambini, hakuyaona ya nyumbani. Nikamwambia kwamba nilikuwa mtoto wakati watu wenye bunduki walipopita kando ya migomba yetu huko Ruyigi, na mama alinilaza kifudifudi akaweka kiganja chake kichwani pangu, na hatukutikisika mpaka jua lilipohama. "Kulala chini nilifundishwa na askari," nikasema, "ila wao hawakujua kwamba wananifundisha."

Elia alikuwa ameacha kula. Yeye pia alikuwa na lake. Spes akainuka akaongeza chai katika kila kikombe, hata vilivyojaa.

Jumatatu jioni, ukumbi wa askari wa akiba, Buffalo. Hawa walikuwa askari wenyewe, wamevaa sare, wengine wao wakiwa karibu kuondoka kwenda ng'ambo. Nilimweleza Travis, kupitia Elia aliyekuja kutusindikiza, kwamba leo silali, nashika kipaza sauti tu. Travis akakunja uso. Akasema: jaribuni, nitaona.

Nilipoomba mtu wa kulala, aliinuka sajini mmoja, mwanamke mnene wa mabega, akavua kofia akampa jirani yake. Akalala chini mara moja, mikono ubavuni, kama aliyeagizwa. Wenzake walimshangilia.

Aline akavuta pumzi, akakanyaga pedali, akaja. Hatua chache kabla ya kufika, akafunga breki. Tairi likalia ukumbi mzima.

Akarudi nyuma, akajaribu tena, akafunga tena breki. Watu wakaanza kunong'ona. Travis alikuwa amesimama ukutani amekunja mikono, na nilijua ile mikono ikifunguka itakuwa ya kusema imetosha. Aline akanisogelea.

"Shemeji, simjui."

"Umemsalimia?"

"Nini?"

"Umemkuta mtu amelala, unataka kumruka bila hata hujambo? Nani alikulea? Msalimie."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikamwekea kipaza sauti mdomoni, maana nilikuwa nacho na sikujua kazi yake nyingine. Akapiga goti karibu na yule sajini, akaanza kwa Kiingereza, lakini maswali yalikuwa yale yale ya kwetu, yale tunayoulizana mlangoni kabla ya kukaa.

"Hujambo, dada. Unaitwa nani?"

"Denise," sajini akaiambia dari.

"Kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa Buffalo."

"Mama yupo?"

"Yupo. Pale mbele, mwenye koti jekundu."

"Mama, hujambo?"

Mama mwenye koti jekundu akasimama. "Mimi mzima! Wewe niachie huyo akiwa mzima!" Ukumbi ukacheka.

"Una watoto, Denise?"

"Wawili. Mdogo aling'oka jino jana."

"Nani atawapikia ukisafiri?"

"Mume wangu. Anajua kupika mayai."

"Na siku nyingine?"

Sajini akafikiri. "Mayai."

Walicheka wale askari hadi wakapigana mabegani, na Denise mwenyewe tumbo lilikuwa linaruka pale chini. Kisha, taratibu, kicheko kikaisha chenyewe, nikaona wengi wao wakitazama viatu vyao. Nadhani kila mmoja alikuwa anajiuliza nani atawapikia wake.

Aline akainuka. "Sasa namjua," akaniambia kwa Kiswahili. Akarudi mwanzo wa njia yake.

"Denise, upo?"

"Nipo."

Akaja. Hakufunga breki. Sikuwa nimewahi kuuona mruko ule kwa sababu siku zote nilikuwa chini yake nimefumba macho. Ni kitu cha ajabu, jamani. Baiskeli ilipanda kama imeitwa jina, ikakaa hewani muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili, ikashuka upande wa pili kwa upole, na Denise hakutikisika hata unywele. Mama mwenye koti jekundu alifika kwa Aline kabla ya mtu mwingine yeyote.

Travis alikuja kwangu. "Hayo maswali mliyapanga lini?"

"Hatupangi," nikasema, kwa Kiingereza changu mwenyewe. "Tunasalimiana."

Akacheka, akatikisa kichwa, akaenda kumpa Aline mkono. Ile mikono ilifunguka kweli, ila siyo kwa nilichokiogopa.

Jumatano, uwanja wa ndege. Elia aliomba ruhusa kazini ili atupeleke. Spes alimfungia Aline chapati za kula hadi Ujerumani. Aline alikuwa amevaa jaketi la kikundi lenye mikono mirefu kupita yake. Alinikumbatia, akasema, "Shemeji, nakushukuru kwa kuwa mwoga. Ungekuwa shujaa, ungekuja, tungeaibika wote."

"Nenda, nenda. Na huko usimruke mkubwa wa kambi."

"Nitamsalimia kwanza."

Utani ulikuwa umerudi. Nilisimama kwenye kioo mpaka nikasahau kwamba sipendi viwanja vya ndege.

Nilirudi kwa basi. Liliposimama Columbus kubadilisha dereva, Mama Neema alikuwa anangoja kwenye baridi na sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Simu alipigiwa na Spes, ambaye hamjui, hajawahi kumwona. Mama Neema akaniuliza: "Baaskari walimukubali?" Nikamwambia walimkubali. "Na yeye aliwakubali?" Nikamwambia ndiyo. Akanisukumia sufuria kupitia mlango wa basi. "Bon. Njo vizuri."

Louisville nilifika asubuhi. Mama Kevin alifungua mlango, akaitazama suti, ambayo sasa ilikuwa na vumbi la sakafu ya Columbus mgongoni na chumvi ya theluji ya Buffalo kwenye miguu ya suruali. "Umerudi? Nilikuwa nimeanza kuzoea." Halafu akanivua koti mwenyewe, taratibu, jambo ambalo halijatokea tangu tufunge ndoa.

Mkiniuliza nilichojifunza, nitasema hivi. Nilikuwa nikidhani mtu wa nyumbani ni yule asiyeondoka. Lakini kila nilipofika nilikuta mtu ametoa kitanda cha watoto wake, amechimba theluji, ameng'arisha viatu, na hakuna aliyeniuliza nitakaa siku ngapi. Nawashukuru wote, na ninawaomba msije wote kwa pamoja, sebule yetu ni ndogo. Na jingine nililojifunza: kumjua mtu hakuhitaji miaka. Wakati mwingine kunahitaji maswali matano na mtu wa kuyauliza kabla hajapita juu yako.

Wiki iliyopita Aline alipiga simu kutoka jangwani. Picha ilikuwa inakatika, nyuma yake ni hema na mchanga. Alisema wanaotaka kulala chini wanapanga foleni tangu mchana, na kwamba wengi hawaji kwa ajili ya mruko. Wanakuja kuulizwa. Siku ile alikuwa amemsalimia askari mmoja kijana, mtu wa shambani, wa mbwa wengi. Alimwuliza mama yuko wapi, akajibu, akamwuliza nani anawalisha wale mbwa, akaanza kujibu. Aline akamruka vizuri kabisa, akatua, watu wakapiga makofi, akageuka kumpa mkono ainuke.

"Akakataa kuinuka, shemeji. Alikuwa bado amelala pale chini, anatazama juu, ananitajia majina ya wale mbwa."